Kimya cha Nasma

Vigelegele vilimfikia Anifa kabla hajaiona nyumba. Vilipaa juu ya michongoma ya mtaa wao wa Miyuji, vikakatika, vikaanza upya, na yeye, vumbi la safari ya treni kutoka Isaka likiwa bado kwenye nyusi, akaamini kabisa kwamba ni vyake. Nani aliyewaambia kuwa anafika leo? Akahamishia begi bega la pili, akaongeza mwendo, kicheko kikimponyoka barabarani peke yake.

Alitoka Kigali, kwa basi hadi Isaka. Nusu mwaka alikuwa amejitolea katika nyumba ambamo washauri waliwasikiliza watu walionusurika mauaji. Kazi yake ilikuwa kuwahudumia hao washauri: kuwapikia chai, kuwatandikia mikeka, na jioni kukaa nao walipotua mzigo wa yale waliyoyasikia mchana. Alikwenda kule akiwa msemaji hodari, binti wa Kirangi asiyeshindwa kwa mdomo. Walimfundisha jambo moja lililomshinda kwa muda mrefu: mtu akinyamaza, usimjibie.

Uani, shangazi Tabu ndiye aliyemwona kwanza, mwiko wa pilau mkononi.

"Mwanaidi, njoo umpokee mwanao. Tuliwapa mtu, wameturudishia ufito."

"Shikamoo shangazi. Ufito wenyewe una njaa."

Mama yake akamkumbatia, anacheka huku analia. "Umefika siku ya mdogo wako."

"Siku gani tena?"

Wakamweleza wote kwa pamoja. Yahaya, kijana aliyefungua mashine ya kusaga kule Chemba, ameleta washenga. Baba mkubwa Adamu, msimamizi wa mabinti tangu baba yao afariki, amemwuliza Nasma kama anamridhia. Nasma ameinama, kimya. Kimya cha mwali ni idhini, basi vigelegele vikapigwa.

"Na chuo?" Anifa aliuliza. Nasma alikuwa amechaguliwa kusomea ualimu Mpwapwa, na mwezi ujao ndio wa kuanza.

"Mke wa mtu wa Chemba atafuata nini Mpwapwa?" alisema shangazi. "Baba yenu mkubwa anavaa kanzu, anakwenda sebuleni kuwapa washenga jibu."

Jibu likishatolewa, halirudi. Anifa akaingia chumbani mbio. Nasma alikuwa kitandani, kanga mpya kichwani, na alipomwona dada yake waliruka wakashikana kama watoto.

"Ulinyamaza kwa nini?"

Nasma akainamisha uso. Maneno yakamjaa Anifa mdomoni: wamekulazimisha, nitawatimua, nitasimama sebuleni niseme mpaka paa liinuke. Hotuba nzima ilikuwa tayari. Akaimeza. Akakaa, akangoja, vidole vikimwasha kwa papara.

"Pilau linapoa," shangazi aligonga mlango.

Anifa hakuinuka.

"Namtaka," Nasma alisema mwishowe.

Hotuba ikamfia Anifa kooni. "Unamtaka?"

"Sana. Na chuo nakitaka sana. Swali lilikuwa moja, majibu yangu mawili. Ningesema nini?"

Anifa alicheka hadi akajishika mbavu, kisha akainuka. Baba mkubwa alikuwa ukumbini, anaweka kofia sawa.

"Shikamoo baba mkubwa. Mwulize tena."

"Marahaba. Kimya chake kimetosha. Au huko ulikokwenda wanafundisha kubishana na dini?"

"Dini sibishani nayo. Uliuliza habari ya mume, akaridhia. Habari ya chuo hakuna aliyemwuliza."

"Nikianza hayo, washenga wakachukia wakaondoka?"

"Wakiondoka nitalia, baba mkubwa." Ilikuwa sauti ya Nasma, amesimama mlangoni. "Lakini Mpwapwa nitakwenda."

Mzee alimgeukia. Hakuwa amewahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja.

"Kumbe unaongea," alisema, na ndevu zake zikacheza kidogo. Akaingia sebuleni.

Wasichana wakajibanza nyuma ya pazia. Walisikia minong'ono, walisikia mshenga mmoja akilalamika kwamba posa haina masharti ya shule, kisha baba mkubwa akakohoa akasema, "Mwenye haja yuko nje kwenye pikapu. Aitwe aseme mwenyewe."

Yahaya akaingia. Akaelezwa. Akanyamaza.

Anifa alikuwa ameushika mkono wa Nasma, nao ulikuwa umelowa jasho. Kijana bado kimya. Yote aliyofundishwa Kigali yalikuwa karibu kumtoka. Alitamani kumpiga teke kupitia pazia lile. Nasma ndiye aliyembana mkono, kumtuliza.

Ndipo Yahaya akaligeukia pazia.

"Nasma, najua unanisikia," alisema, kwa sauti ya kufika hadi jikoni. "Kasome. Kila likizo nitakuja hapa kwa wazee kukujulia hali, na ukimaliza nitakuoa, na Chemba utafundisha. Nakuahidi mbele ya watu hawa wote."