Kona ya Kubania Kuta

Mwalimu wa chekechea alitoa nyumba tatu ndogo kwenye mfuko, akaziweka mezani kwa mama fundi taratibu kama mtu anayerudisha kuku mgonjwa. Alikuwa ameagiza mtaa mzima: nyumba kumi na mbili za kadibodi, kila moja haizidi ukubwa wa kikombe, watoto wake wajifunzie majengo na njia.

"Mama, mapaa hayakai," alisema. "Ijumaa saa tisa nakuja kuziona zote. Zikiwa hivi, itabidi nitafute fundi mwingine."

Alipotoka, wifi wa mama, aliyekuwa akikata mapaa upande wa pili wa meza, alinyanyua nyumba moja akaichungulia kwa jicho moja. "Wifi, hii imetoka kulewa. Ishike mkono, tuipeleke kwao ikalale."

Mama alicheka mpaka binti yake mgongoni akashtuka. Ugonjwa wa nyumba hizo alishaujua. Kila ukuta aliushika kwa vidole hadi gundi ikamate, na vidole vya mama mwenye mtoto mchanga vina mabosi wawili. Mtoto akilia, ukuta unaachwa; ukiachwa, unainama.

"Vidole basi," alisema. "Nataka kitu kisichonyonyesha."

Alichukua ubao wa kabati bovu, akaupiga msasa. Juu yake akapigilia vipande viwili vya mbao vikutane kama herufi L, viwe kona ya kubania kuta. Pembe aliipima kwa skwea aliyoazima kwa seremala jirani, akaigeuza skwea, akapima tena. Kwenye masomo ya jioni mwalimu wa hesabu aliwaambia kipimo kisichorudiwa ni uvumi, na yeye aliyashika maneno hayo.

Ukuta mmoja ukaegemea huku, wa pili kule, gundi katikati, kibanio cha nguo kila upande. Akaenda zake kumwogesha mtoto.

Aliporudi, kuta zilikuwa zimesimama wima, raha kuzitazama. Akavuta. Hazikuja. Akavuta kwa nguvu. Zikachanika, ngozi ya kadibodi ikabaki kwenye mbao.

"Hongera, fundi!" wifi alipiga makofi. "Umejenga nyumba isiyohamishika. Mwalimu tumpe na ubao wake."

"Cheka umalize, kisha nipe msumeno."

Hata uso hakukunja. Aliinama akaitazama kona kwa karibu. Gundi ilivuja palepale mbao zilipokutana, ikaunganisha nyumba na kona yake. Basi, pasikutane kitu! Bila kugusa misumari, alikata ncha za mbao zote mbili, ukabaki mwanya wa upana wa kidole. Gundi ikivuja, ivujie hewani. Kisha akasugua mshumaa kwenye mbao na ubao wote mpaka vikateleza.

Safari hii kuta zilitoka kwa mguso mmoja.

"Mh!" wifi aliguna. "Leo utani umeniishia."

"Andika tarehe."

Alhamisi alitengeneza kona nyingine mbili, na kazi ikashika kasi: huku nyumba moja inakauka, huku nyingine inabanwa, huku nyingine inatolewa. Mtoto alilia alipotaka, akanyonya akashiba, na hakuna ukuta uliosogea.

Ijumaa saa tisa mwalimu aliingia. Nyumba kumi na mbili zilikuwa zimepangwa bila mapaa. Mapaa yalikuwa yamerundikwa pembeni.

"Mbona hamjamalizia?"

"Chagua paa lolote," mama alimwambia, "uliweke juu ya nyumba yoyote."

Mwalimu alimtazama kwanza. Akatoa paa la chini kabisa kwenye rundo, akalishusha juu ya nyumba ya mwisho. Likakaa. Akalihamishia ya tatu. Likakaa. Akachukua jingine, akalibonyeza kwa kidole kila pembe akitafuta linapocheza, hakupata.

"Nani kakufundisha?"

"Nyumba zako zile tatu."

Mwalimu alicheka, akavuta kiti. "Haya. Watoto wanauliza hospitali iko wapi. Na shule. Utaweza?"

Mama alimhamishia binti yake mapajani, akavuta penseli.

"Hospitali ghorofa ngapi?"