Moto wa Pudensiana

Kitendawili. Semeni tega, na nyie mliokaa huko nyuma pia. Nimemfungia mlango, nimemkuta jikoni amekaa.

Mnasema paka. Si paka. Mnasema panya; panya siku hizi ni mwenye nyumba, si mgeni. Haya, nipeni mji. Mpanda? Mpanda nimefika, nikalala Kawajense kwa watu wema, nikala wali wa harusi, nikarudi. Jibu ni moshi. Sasa tulieni tuingie kwa Pudensiana, kule Ugalla, kwenye nyumba ambayo moshi haujakatika tangu mwanawe Innocent alipokuwa ananyonya. Na leo Innocent huyo huyo anaendesha bodaboda mjini, na ndevu zake.

Ilikuwa mchana wa kiangazi, pori linaungua mbali na jua limekuwa jekundu kama jicho la mgonjwa. Pudensiana alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga, anasukuma kigogo ndani ya moto kwa mkono wa kulia. Wa kushoto haunyooki kwenye kiwiko. Ulivunjika zamani, akasema ameanguka kisimani, na watu wakampa pole ya kisima.

Mlangoni alisimama shemeji yake, Felisiani, na ndoo ya maji.

"Shemeji, wazee wamenituma. Wamesema nije peke yangu, usione tumekuvamia."

"Karibu ukae. Ndoo iache nje."

Felisiani akaiweka kizingitini, si nje, si ndani.

Mume wa Pudensiana, Selestine, alikuwa mrina asali. Alikwenda dagoni, ile kambi ya porini ya warina, na wenzake wakarudi na madumu yamejaa. Yeye hakurudi. Chini ya mti wenye mzinga walikuta viatu vyake vimepangwa sawasawa, kama vya mtu aliyeingia ndani kulala. Damu hakuna. Alama ya mnyama hakuna. Juu, mzinga ulikuwa mzima na nyuki wako kimya.

Sasa ukoo wao una desturi. Mrina akiwa dagoni, moto wa mkewe hauzimwi. Ukiwaka, mtu anahesabiwa yuko kazini. Ukizimwa kwa maji, maana yake ameitwa, na lazima aje: kama ni mzima atakuja kwa miguu yake, kama ni marehemu kitakuja kivuli chake, kilale penye kitanda chake, kikae na mkewe mpaka kiridhike. Hapo ndipo matanga yanaanuliwa.

Kila wazee walipokuja kuuzima, Pudensiana alikataa. Akasifiwa. Padri alimtaja kwenye mahubiri, na mama wakwe wa kijiji kizima wakamfanya fimbo ya kuwachapia wake za watoto wao.

Felisiani akaketi. "Wewe ni mwanamke wa mfano, shemeji. Hawa wa siku hizi, mume akienda kununua chumvi tu, wameshahama. Lakini kaka amechoka. Hata serikali inastaafisha watu."

"Muulize mwalimu kama kustaafu ni kupumzika," Pudensiana akasema.

Mwalimu Hilaria, mstaafu, aliyekuwa kwenye kigoda pembeni anachambua maharage, akatabasamu bila kuinua uso. Alikuwa amefika asubuhi hiyo kutoka Kawajense, na sababu yake ilikuwa nyingine. Ilikuwa riwaya.

Msicheke. Pudensiana aliishia darasa la saba, lakini kwa maneno mdomo wake ni kinu. Tangu masika alikuwa anatunga riwaya. Alikaa hapo hapo jikoni, anarekodi kipande kwa simu, kisha anapanda kichuguu nyuma ya nyumba, mahali mtandao unapopatikana, anamtumia Hilaria, naye anakichapa kwenye kompyuta. Riwaya ilikuwa ya Aneth, binti wa Kapalamsenga anayekausha samaki wa migebuka. Pudensiana aliitaka iwe ya kuchekesha, yenye harusi na mawifi wanaosutana.

Hadithi ikawa na kichwa kigumu. Anampeleka Aneth ngomani. Haujapita muda, Aneth ameaga, anakimbia kufunga mlango. Anampeleka ziwani kuoga. Aneth anakumbuka komeo, sabuni bado iko masikioni. Anampa mchumba mpole, mwenye kitambi na kicheko. Mchumba anaanza kula, Aneth anainuka na kuegemeza mchi mlangoni.

Juma lililotangulia, Hilaria alikuwa amepiga simu. "Mama Innocent, mchapishaji anauliza dhamira ya riwaya."

"Mwandikie subira."

"Niliandika. Nikafuta."

"Kwa nini, mwalimu? Subira ni nzuri."

"Ni nzuri, ila siyo yako. Dhamira siyo kiraka cha kushonea mwishoni. Ni kama maji ya mto wetu wakati wa kiangazi. Juu ni mchanga mtupu, lakini yapo chini, na popote utakapochimba utayakuta. Mimi kila ninapochimba kwako nakuta mlango. Huyu Aneth anamfungia nani?"

Pudensiana alisema mtandao unakatika. Mtandao haukuwa unakatika.

Ndiyo maana Hilaria alikuja mwenyewe. Na lilikuwepo jambo lingine ambalo hakutaka kulisema kwenye simu. Sasa aliweka ungo chini, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Baba, samahani, naingilia mambo ya ukoo," alimwambia Felisiani. "Naomba usikilize hiki, halafu useme kama ni masikio yangu yananidanganya."

Akabonyeza simu. Ikatoka sauti ya Pudensiana, tulivu: *Basi Aneth akasonga ugali, akaupakua, akanawa.* Nyuma ya sauti hiyo mtu alibisha. Ngo, ngo, taratibu, kwa kidole. Kisha moja nzito.

"Rudisha," Felisiani alisema.

Hilaria akarudisha. Akaweka kipande kingine, na kingine. Kila Aneth alipoukaribia mlango, mtu yule alibisha. Mbili kwa kidole, moja kwa kiganja.

"Mimi nikirekodi hapa sisikii kitu," Pudensiana alisema chinichini. "Nasikia baadaye, nikiwa kichuguuni."

Felisiani machozi yalikuwa yanamtoka, na uso wake unacheka. "Ni kaka. Tukiwa wadogo mama alikuwa anamgombeza, ataung'oa mlango kwa kiganja chake. Shemeji, anabisha. Miaka yote unamngoja, kumbe yuko hapa, hajapewa ruhusa tu."

Akainuka kuichukua ndoo. Hapo ndipo wote watatu walipowaona nyuki. Walikuwa wametanda juu ya mlango kwa nje, weusi, wamegandana kama nta, na hata mmoja hakuvuma. Harufu ya asali mbichi iliingia jikoni, tamu mpaka ikawasha koo.

"Niruhusu, shemeji. Maji kidogo tu."

Pudensiana alisimama. Alimnyang'anya ile ndoo kwa mkono wake mzima, akaitoa nje, akaiweka chini ya wale nyuki bila kuwaangalia. Akarudi ndani. Akafunga mlango mchana kweupe, akasukuma komeo, akachukua mchi, akauegemeza. Jiko likawa giza, umebaki moto na nyuso mbili zinazomtazama. Macho ya Felisiani yalikuwa yameshuka polepole kwenye kile kiwiko kisichonyooka, yakabaki hapo.

Nje, ndoo iliburuzwa. Kidogo tu, kama mtu ameisogeza ili apate pa kusimama.

Hilaria aliongea kwa sauti ya darasani, ile ya kumwita mtoto anayelijua jibu ila anaogopa kunyoosha mkono. "Mama Innocent. Aneth anamfungia nani?"

Pudensiana akaongeza kigogo kingine. Akapuliza mpaka ndimi zikapanda.

"Mumewe," akasema. "Hamngoji, mwalimu. Anamzuia."