Swali la Saba

...je, mtoto hurudia maneno, ndiyo au hapana, na kalamu ya Mahrukh imesimama juu ya kisanduku cha ndiyo, fomu yenyewe Kiingereza kitupu, na mwanawe Zoraiz kampakata hapa kwenye benchi la kliniki, miaka mitatu kasoro, maneno yake hayafiki ishirini na kila moja mara mbili, maji maji, njoo njoo, "Weka ndiyo, mwanangu, tumalize tukanywe chai-vai," anasema mama mkwe, chai-vai, yaani chai na vyote vinavyoandamana nayo, biskuti, sambusa, umbea... mbona huyu hapimwi, Karachi nzima mbona haipimwi, muuza mahindi hapo nje, moto moto, dereva wa bajaji, polepole polepole, ila kwa Kiingereza hapana, mwalimu wake wa darasa la tisa alimchorea wino mwekundu alipoandika kwa Kiingereza chai moto moto, "Wewe msichana, chai ikiwa moto ni moto, mara moja inatosha!" darasa likacheka, wenyewe Waingereza hurudia wakiaga, bai-bai, au wakibembeleza watoto, basi na fomu hii wameiandika watu wa mara moja inatosha, wakisikia mbili wanasikia ugonjwa, lakini kama ni ugonjwa kweli, Mola wangu, kama ni kasuku tu, anarudisha alichosikia... kama jana, kwenye mkokoteni wa aiskrimu uliochorwa pengwini, alinyoosha kidole, "Pengwini-vengwini!" naye Mahrukh akamvuta mkono, haraka, majirani wasisikie... ngoja. Ngoja kwanza. Vengwini kafundishwa na nani? Nyumbani hakuna aliyewahi kuitamka, wala mtaani, na kasuku harudishi asichopewa, kaiunda mwenyewe, kwa mdomo wake mwenyewe, kama bibi yake na chai-vai, pengwini na vyote vinavyoandamana naye, na kilichoandamana naye kilikuwa aiskrimu, mtoto alikuwa anaomba, jamani, alikuwa anamwomba mama yake aiskrimu!... "Namba kumi na nne! Kumi na nne!" anaita muuguzi, hata yeye mara mbili, wao ni kumi na sita, "Umelala, Mahrukh? Weka ndiyo," na kalamu iko pale pale, huenda kweli kachelewa, huenda daktari atatikisa kichwa, na atikise, moyo unamwenda mbio mbio na si kwa hofu ile, "Subiri, Mama, ndiyo peke yake haitoshi hapa," na macho yanatafuta pembeni mwa karatasi, nafasi ya kuandika yote, pengwini, kidole, mkono uliovutwa, na wakitoka humu, Mungu akipenda, ule mkokoteni uwe bado upo...