Upande wa Nyuma wa Beji

Monsieur Munyemana alipoletwa kutoka Kigali kuja kusimamia senta ya mapokezi ya wakimbizi wanaorudi, jambo la kwanza alilolifanya ni kubandika karatasi. Aliibandika kwenye mlango wa jikoni, mahali ambapo huwezi kupita na sufuria bila kuisoma. Kofia nyeupe kichwani, nywele zote ndani. Aproni safi kila asubuhi. Kucha fupi. Hakuna kumfokea msafiri, hakuna kumsukuma mtu kwenye foleni, wazee na watoto wahudumiwe kwanza. Na kifuani, beji yenye jina la mfanyakazi kama lilivyo kwenye kitambulisho chake.

Watu walinung'unika, hasa kwa ajili ya kofia. Kwa wanawake waliokulia Bukavu, ambao hufunga kitambaa kichwani kila mmoja kwa mtindo wake, kuvaa kofia ya mpishi ilikuwa ni kufanywa wote sura moja. Lakini walivaa. Kazi zilikuwa adimu Cyangugu mwaka ule wa tisini na tisa, na aliyekuwa nayo hakuichezea.

Védastine Mukantwari, mpishi wa uji, hakuwa na neno na kofia. Wala na aproni, wala na kucha. Neno lake lilikuwa na beji.

Yeye alizaliwa Bukavu, ng'ambo ya mto, upande wa Kongo, kwa wazazi waliokimbia Rwanda zamani. Aliolewa mtaa wa Kadutu, akazaa Kadutu, na Kadutu hakuna aliyewahi kumwita Védastine. Tangu binti yake wa kwanza, Uwera, aanze kutambaa, mtaa mzima ulimwita Mama Uwera: muuza mkaa, padri, hata marehemu mumewe. Alipozaa wa pili, Gasaro, naye akakua akisikia jina hilohilo. Gasaro alipokuwa mtundu wa miaka minne alipenda kusimama mlangoni na kuiga sauti ya muuza mkaa, "Mama Uweraaa, makala!" mpaka mama yake atoke na kikapu, akute ni yeye anacheka.

Halafu ukaja ule mwezi wa kumi wa tisini na sita, ambapo watu wa asili ya Rwanda, wenye sura kama yao, walitafutwa nyumba kwa nyumba. Walikimbia jioni, kundi kubwa, kuelekea mtoni. Uwera alishika mkono wa kulia, Gasaro wa kushoto. Risasi zilipolia watu wakakanyagana, na alipovuka alikuwa na mkono mmoja tu uliojaa. Mwezi mmoja baadaye homa ikamchukua na Uwera, akazikwa Kamembe. Tangu siku hiyo Védastine alikuwa mama wa mtoto asiyekuwapo na mtoto asiyejulikana alipo.

Alirudi Kadutu mara nne daraja lilipofunguliwa. Nyumba ilikuwa na watu wengine. Jirani mmoja alimwambia kwamba Gasaro alionekana na familia moja iliyoelekea msituni, njia ya Shabunda, basi. Ndiyo maana aliitafuta kazi ya senta kama mtu anayetafuta dawa. Senta ilikuwa mteremko mmoja tu kutoka darajani, na waliotoka msituni walipita hapo wote: walishushwa kwenye malori, wakapewa uji, wakaandikwa kwenye daftari, wakalala siku mbili tatu, kisha wakapelekwa makwao, au kwa familia nyingine kama hawakuwa na kwao. Kila Ijumaa yalibandikwa majina ya watoto waliofika peke yao. Kila Ijumaa Védastine alipitisha kidole kwenye orodha akitafuta Gasaro. Alimkuta mmoja wa miaka kumi na tano na mwingine ambaye mama yake alikwishapatikana.

Alikwenda kwa msimamizi siku ya pili baada ya karatasi kubandikwa.

"Chef," alimwambia, "ku beji yangu, muandike Mama Uwera."

Munyemana aliweka kalamu chini. Hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Alipiga pasi shati lake mwenyewe, alikunywa uji uleule wa wasafiri, na hakuna aliyemsikia akipaza sauti. "Madame Mukantwari, unajua kwa nini nimeweka beji?"

Védastine alijua. Mwezi uliotangulia mlinzi mmoja alimpiga kofi mama mzee aliyeuliza habari ya blanketi. Mzee yule alipokwenda kushtaki alijua jambo moja tu, kwamba aliyempiga aliitwa Papa Déo. Kulikuwa na Papa Déo watatu senta nzima, kila mmoja akaapa si yeye, na kofi lile likabaki halina mwenyewe.

"Jina la kitambulisho ni moja, na mwenye nalo ni mmoja," Munyemana alisema. "Nikikupa wewe ruhusa, kesho nina akina Papa Déo watatu mlangoni. Haki ni moja kwa wote."

Védastine alisema "Ndiyo, Chef," akarudi kwenye sufuria zake.

Beji zilichorwa na Karim, mchoraji wa vibao wa Kamembe, kwenye vipande vya plastiki nyeupe. Védastine alikwenda kuchukua yake mwenyewe, akaisoma: MUKANTWARI VÉDASTINE. Akaigeuza. Nyuma kulikuwa kweupe.

"Papa Karim, uniandikie na huku."

Karim alipoambiwa cha kuandika, na sababu yake, alimtazama juu ya miwani. "Mutoto alipoteaga na miaka tano, akaenda pori. Leo ni nani alimufundisha kusoma?"

"Atakuya na bantu. Kama yeye hajui kusoma, kutakuwa muntu wa kusoma kwa sauti."

Karim aliandika MAMA UWERA kwa rangi nyekundu, herufi nene kuliko zile za mbele, akamwambia asiiguse mpaka ikauke.

Basi ikawa hivi: Monsieur Munyemana akipita, Védastine ni Mukantwari. Malori yakipiga honi kule mteremkoni, kidole gumba kinagusa beji, na Mama Uwera ndiye anayegawa uji. Alijizoesha kuigeuza huku mkono mwingine unakoroga. Siku nyingine alisahau, maana malori yalifika matatu kwa mpigo na Chef alikuwa amesimama palepale akihesabu blanketi. Siku hizo alilala na uchungu kama mtu aliyeacha mlango wazi mvua ikaingia.

Aliyemponza hakuwa mbaya wake. Kulikuwa na sanduku la malalamiko kwenye nguzo, nalo pia liliwekwa na Munyemana, na mzee mmoja aliyekuwa akirudi kwao Giheke alitumbukiza humo kikaratasi cha shukrani: Mama Uwera wa jikoni alimpa mke wake mgonjwa kikombe cha pili, Mungu ambariki. Munyemana alifurahi, maana ndiyo ilikuwa shukrani ya kwanza tangu sanduku liwekwe. Akaifungua orodha ya wafanyakazi ili ampongeze mhusika, akakuta hakuna Mama Uwera, ndipo akakumbuka ni nani aliyewahi kuliomba jina hilo.

Kesho yake Védastine alipewa karatasi ambayo kila mfanyakazi wa upande ule anaiogopa, ile wanayoiita dimande: ueleze kwa maandishi, ndani ya siku mbili, kwa nini ulivunja kanuni. Jibu lisiporidhisha, kazi imekwisha.

Hakuogopa njaa. Njaa alikwishaizoea. Aliogopa mlango. Nani angesimama pale malori yakifika? Aliandika jibu lake akiwa amekaa juu ya gunia la unga, kwa Kiswahili cha Kadutu, maana ndicho pekee alichoweza kulilia.

Munyemana, mtu wa Kigali, alijaribu kulisoma, akashindwa mstari wa pili. Akamwita Ndizeye, karani wa daftari, aliyekulia Bukavu kama Védastine, alisome kwa sauti. Védastine alikuwa amesimama mbele yao, kofia kichwani, mikono nyuma.

Ndizeye alisoma: "Chef, minajua kanuni ni ya muzuri. Ule mama muzee alipigwa kofi, miye niliona vile alilia, nilifurahi mulipoweka kanuni. Lakini jina yangu ya karatasi, hata mutoto yangu hayiijue. Kwetu bantu bote baliniitaka Mama Uwera. Uwera alikufa. Mudogo yake alibakia ng'ambo. Kama muntu anamuuliza mama yako anaitwaka nani, atasema Mama Uwera, hana ingine. Kama munanifukuza, munifukuze, lakini ile jina muiache ku mulango..."

Hapo Ndizeye alirudi juu kwenye lile jina, akalisoma tena kimoyomoyo. Munyemana alifikiri ameshindwa na mwandiko.

"Endelea."

Ndizeye alitoka mbio, akarudi na daftari kubwa, akawa anafunua kurasa. "Chef, nilimuandika miye mwenyewe. Jumanne ya mvua. Mutoto mwanamuke, miaka kama munane. Nilimuuliza mama yako ni nani, akasema Mama Uwera. Nikamwambia hapana, jina ya kweli, ya kitambulisho. Akasema njo ile, haiko ingine. Nilimuuliza mara tatu." Akaweka kidole kwenye mstari. "Kanuni inasema jina kamili. Njo nikaandika hivi."

Védastine aliinama asome. Jina la mtoto: Sifa. Jina la mama: halijulikani. Amepelekwa: Gashonga, kwa Bernadette.

"Sifa," alisema. "Haiko Sifa. Ni Gasaro."

"Kule pori balibadilishaka batoto majina, ili basiuawe," Ndizeye alisema kwa sauti ndogo. "Yangu pia balibadilisha."

Védastine aliikumbuka Jumanne ile. Ilikuwa moja ya zile siku za kusahau. Watoto arobaini walishushwa wakiwa wamelowa, wote wamenyolewa vichwa kwa sababu ya chawa, na kanuni ilisema kikombe kijazwe mpaka kwenye alama, kisipungue kwa yeyote. Alikuwa anaangalia alama. Alijaza vikombe arobaini kwa haki kabisa, na katika hivyo arobaini kimoja alikipokea mwanawe, na hakuinua macho. Aliketi sakafuni, palepale ofisini, na hakuna aliyemwambia asimame.

Munyemana alilifunga daftari polepole. Akachukua funguo za gari.

Migomba ya Gashonga ilipita pande zote mbili, pikipiki zikipishana nao zikiwa na mikungu ya ndizi nyuma. Védastine hakuwa amevua aproni wala kofia. Alishika beji kwenye ngumi, upande wa nyuma ukiwa nje, na kila baada ya kona alitazama kama bado inasomeka.

Bernadette, mwanamke mnene mwenye huruma usoni, aliwapokea uani, ambako maharage yalianikwa kwenye mkeka. Pembeni mtoto mmoja mwembamba, nywele zimeanza kuota, alikuwa akipukuchua maganda.

"Sifa," Bernadette aliita, baada ya Munyemana kuwatambulisha, "kuya usalimie bageni. Huyu ni Madame Mukantwari."

Mtoto alikuja, akatoa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko, kama inavyompasa mtoto mbele ya mgeni, bila kumtazama usoni. Aliitazama aproni, akaitazama beji yenye herufi nyekundu, na zile herufi hazikumwambia kitu. Akarudi kwenye maharage yake.

Védastine alimwona sasa. Aliliona sikio la kushoto lililosimama kidogo, la baba yake. "Gasaro," aliita.

Mtoto hakugeuka. Mabega tu yalikakamaa. Miaka mitatu alikuwa amefundishwa kwamba jina hilo likiitwa, usiitike, usigeuke, endelea na ulichokuwa unafanya. Alipukuchua ganda lingine.

"Gasaro, ni miye," mama alisema, lakini kilio kiliyafunika maneno, na mtoto akazidi kuinama.

Monsieur Munyemana alikuwa bado amesimama karibu na gari, shati lake limenyooka, karatasi za kutia saini mkononi. Aliziweka juu ya boneti. Akajikohoza, kama mtu anayetaka kusema lugha asiyoijua, halafu akaita kwa sauti ambayo hakuna mfanyakazi wake aliyewahi kuisikia, sauti ya kuita kutoka mlangoni:

"Mama Uwera! Mama Uweraaa!"

Maganda yalianguka. Mtoto aliinuka akageuka, si kwa Munyemana bali kwa yule ambaye angeitika, na Védastine akavua kofia, akaitika, "Karibu," kama alivyokuwa akimwitikia muuza mkaa.

Gasaro alimkimbilia akaparamia aproni kwa mikono miwili. Alinusa, akagusa uso wote, akacheka, akalia. Kisha akachungulia nyuma ya mama yake, upande wa kulia, akachungulia na ndani ya gari.

"Maman," aliuliza, "Uwera, yeye iko wapi?"