Siku Redio Alipokataa Kusimama

Wodi ya upasuaji ya wanaume ilikuwa na vitanda ishirini na vinne, na asubuhi ile magurudumu yote yalikuwa yameelekezwa upande mmoja kama askari wa gwaride. Midomo ya foronya nayo iliupa mlango mgongo. Ndivyo Metroni, mkuu wa wauguzi, alivyotaka, na Metroni alikuwa mtu wa kuinama na kuhakikisha.

Muuguzi mmoja alikuwa anafuta reli za vitanda huku anatangaza. Wenzake walimwita Redio, maana kwake hakuna habari iliyowahi kulala.

"Mwenzangu, fomu zimefika! Ziko mezani kwa Metroni. Nimeziona kwa macho yangu haya mawili."

"Punguza sauti," alisema Mpole, mwenzake wa zamu. Walianza kazi siku moja, miaka kumi na minne nyuma, na katika miaka yote hiyo Redio alisema na Mpole akasikiliza. Urafiki ukaenda vizuri tu.

Fomu zenyewe hazikuwa jambo dogo. Kwa mara ya kwanza serikali ilikuwa imefungua daftari la wauguzi. Kabla ya hapo muuguzi alikuwa yeyote aliyevishwa aproni: leo anamgeuza mgonjwa, kesho anasugua choo, keshokutwa mkubwa kaamka vibaya na wewe unafungashwa virago. Sasa atakayeandikwa atapewa cheti chenye namba, na hakuna wa kumfukuza kwa hasira za asubuhi. Asiyeandikwa atabaki mhudumu, yeye na ndoo yake, mpaka azeeke. Kila fomu ilitaka sahihi mbili, ya Metroni na ya Daktari Mkuu, na gari la posta lingezichukua siku hiyohiyo saa kumi jioni.

Redio alikuwa na sababu yake nyingine, nayo ilikuwa nyumbani imekaa kibarazani: wifi yake. Wifi huyo alikuwa ameutangazia mtaa mzima kwamba mke wa kaka yake kazi yake ni kuosha makalio ya wanaume wa watu. "Leo nikirudi," Redio alimwambia Mpole, "namkalisha kitako. Namwambia mimi niko kwenye daftari la serikali, wewe uko kwenye daftari la nani?"

"Kwanza Wima atie sahihi."

Wima ndiye Daktari Mkuu. Walimpa jina hilo kwa sababu kengele ya mlangoni ikilia kwamba anaingia, kila muuguzi alitakiwa aache alichoshika, asimame wima, mikono nyuma, mdomo umefungwa. Mwaka uliopita mwanafunzi mmoja alichelewa kusimama kwa sababu alikuwa anamlisha mgonjwa uji. Wiki haikuisha, akarudi kwao na sanduku lake.

Walifika kitanda cha tisa. Hapo alilala fundi seremala, ambaye msumeno ulimpitia pajani siku tatu kabla. Mshipa ulifungwa kwa uzi, kidonda kikashonwa, na tangu hapo kazi yake ikawa kukosoa milango ya hospitali.

"Dada Redio," alisema, "mbona kitanda kinapata joto? Kama mtu aliyejikojolea vile."

"Mtu mzima na ndevu zako!" Redio akafunua blanketi huku anacheka.

Uzi ulikuwa umeachia. Damu ilikuwa inaruka kwa kupigapiga, nyekundu ya kung'aa, na shuka lilikuwa limekwisha kulowa mpaka godoroni.

Mpole ndiye aliyekuwa upande wa karibu. Bila neno alikita kiganja kwenye kinena cha yule fundi, pale mshipa mkubwa unapopita juu ya mfupa, akalalia mkono wake kwa uzito wote. Damu ikakoma. Redio akamwita mzee wa kufagia: "Baba, kimbia chumba cha upasuaji! Waambie wa tisa anatoka damu!" Kisha akageuka kuvuta pazia.

Kengele ikalia.

Mpole akasimama. Hakuamua kusimama, mwili ndio ulioamua. Mikono iliruka kutoka kwa mgonjwa ikaenda nyuma ya mgongo, inachuruzika damu kwenye aproni nyeupe, na uso wake ukaelekea mlangoni umetulia kama picha. Damu ya seremala ikaruka hadi kwenye reli.

Redio alipanda kitandani na viatu vyake. Muuguzi hakuruhusiwa hata kuegemea kitanda cha mgonjwa, seuze kupiga magoti juu ya kitanda cha mwanamume. Akakita ngumi palepale kwenye kinena, akanyoosha viwiko, akajikandamiza.

Daktari Mkuu aliingia, Metroni na madaktari wawili wadogo hatua mbili nyuma yake. Wauguzi wote walikuwa wima. Mmoja alikuwa juu ya kitanda.

"Nani yule?"

Daktari Mkuu alinyoosha kidole.

"Wewe! Shuka usimame."

"Siwezi, daktari. Mshipa umeachia."

Akasogea, akaona shuka. Sauti ikabadilika kidogo, lakini ikabaki ya amri. "Ondoa mkono nikione kidonda."

Redio aliiona ile fomu akilini waziwazi, na mstari wake wa sahihi mtupu. Alimwona na wifi yake kibarazani.

"Siondoi."

"Umesemaje?"

"Nimesema siondoi, daktari. Mkono ulitoka mara moja, na damu aliyomwaga hapo unaiona. Hana nyingine ya kumwaga. Utakiona kidonda kwenye meza ya upasuaji."

Chini yake seremala alikuwa wa kijivu, midomo inamtetemeka. "Dada, usiniache."

"Nani kakuacha? Wewe hesabu mbao za dari."

"Zimepigiliwa vibaya," alinong'ona, macho yakianza kufumba.

"Basi zikosoe! Moja moja, nisikie!"

Metroni aliinama, akafungua breki ya kitanda, akaanza kukisukuma mwenyewe. Wale madaktari wawili wadogo wakatazamana, wakashika upande wa pili. Kitanda kikatoka mlangoni na Redio juu yake, kofia imemwangukia sikioni, kikapita ujia mzima mbele ya wagonjwa wa nje walioacha midomo wazi. Mikono yake ilikufa ganzi walipofika kati ya ujia. Akaendelea kukandamiza kwa mabega. Seremala alifika mbao ya kumi na moja, akanyamaza.

Meza ilikuwa tayari. Daktari wa upasuaji alipoukamata mshipa akasema, "Sasa achia." Vidole vikagoma. Metroni ndiye aliyevikunjua, kimoja kimoja.

"Mapigo yapo," alisema yule daktari. "Ni dhaifu, lakini yapo."

Saa tisa na nusu waliitwa ofisini, Redio na Mpole. Daktari Mkuu alikuwa amekaa na fomu mbele yake, Metroni kasimama pembeni. Ya Mpole ilikuwa juu, imeshatiwa sahihi.

"Huyu alisimama ipasavyo," alisema. "Wewe fomu yako sitaitia sahihi. Mgonjwa yu hai, nashukuru. Lakini muuguzi anayechagua amri za kutii atatuua wagonjwa wengine kumi." Akaweka kalamu chini. "Ila ulisema mkono ulitoka mara moja. Mkono wa nani? Nitajie, huenda nikaifikiria fomu yako upya."

Jina lilikuwa moja tu, na saa ya ukutani ilikuwa inaenda. Redio alitazama meza, akafunga mdomo.

"Wangu," alisema Mpole.

Daktari akainua macho.

"Mkono ni wangu. Niliachia kwa sababu uliingia, daktari. Miaka kumi na minne nimefundishwa kusimama, nikasimama. Kama hiyo fomu ni ya kusimama, basi nimefaulu."

"Na mimi ndiye niliyewafundisha," alisema Metroni. Sauti yake ilikuwa kavu. "Fomu yangu iko hapo chini kabisa, na mimi pia nahitaji sahihi yako. Kama ya huyu haipiti, yangu usiiguse. Sitaki kuandikwa muuguzi nikiwa nimemwacha nje."

Daktari alimtazama Mpole, na ile mikono iliyosuguliwa mpaka ikawa nyekundu.

"Nikiingia kesho, na mkono wako uko palepale?"

"Utanikuta palepale, daktari."

Alivuta fomu ya Redio, akatia sahihi kwa nguvu hata wino ukatokea upande wa pili. Kisha ya Metroni. Akatoka bila kuaga, na hakuna aliyekumbuka kusimama vizuri.

Nje kwenye ujia Redio aliegemea ukuta.

"Mbona hukunitaja?" aliuliza Mpole. "Wewe, unayetangaza hata ndoto za watu?"

"Ningekuwa mimi upande ule, ningeachia vilevile. Nilikuwa mbali tu."

Mpole alianza kulia. Redio alimwacha alie kidogo, kisha akamrekebishia kofia.

"Twende. Muda wa kumpima seremala mapigo umefika, na yule wa zamu ya mchana simwamini."