Tulitengeneza

"Sikusema 'nilitengeneza'! Nilisema 'tulitengeneza'! Masikio yako yana nta?"

"Mzee wangu, punguza sauti basi. Silabi moja tu hiyo."

"Silabi moja ilinitoa jasho mahakamani, wewe unaifuta kwa kidole!"

Mwongozaji wa filamu, ambaye studio nzima inamwita Kofia kwa sababu hata ndani haivui, akabonyeza kitufe. Kwenye skrini mwigizaji aliyetoka kusema 'nilitengeneza' akaganda mdomo wazi, kavaa suti ambayo fundi, mzee huyo anayefoka, hajawahi kuwa nayo maishani.

Maana filamu yenyewe ni ya kisa cha huyu fundi. Ndiye aliyeunda koki inayojifunga yenyewe ndoo ikijaa. Kampuni ikaibeba, ikaipiga chapa yake, naye akaiburuta mahakamani mpaka ikanyoosha mikono. Sasa, katikati ya kesi, wakili wa kampuni alimuuliza nani kaitengeneza, akajibu, "Tulitengeneza." Wakili akaruka kama kakanyaga moto. Wewe na nani? Si wafanyakazi wetu hao?

"Mimi na mke wangu."

Mahakama nzima ikaangua kicheko. Ikabidi mke aitwe. Akavua ndala yake mbele ya hakimu, akaomba mkasi, akakata kiduara kisiginoni kama alivyofanya nyumbani, saizi ile ile ya mpira ulio ndani ya koki. Kicheko kikakatika hapo hapo.

"Iko wapi hiyo ndala kwenye filamu yako?"

"Tuliipiga, mzee, na ilitoka safi. Ila inapunguza kasi. Watu wanataka mtu mmoja anapambana na kampuni. Wakiwa wawili, huruma inagawanyika."

"Ehe. Kwa hiyo mmemzika tena."



Tangu mkewe afariki, nyumbani kwa fundi kinachoongea ni redio, na hata hiyo anaiwasha tu ili kuwe na mtu. Siku moja dada aliyemwigiza mkewe alikuja kumuuliza mama alikuwa anatembeaje. Fundi akamwonyesha mwenyewe, akazunguka sebule nzima, anaburuta mguu wa kushoto kidogo, wakacheka mpaka machozi. Filamu hii aliingojea kwa hicho tu. Amwone mkewe anapita tena, hata kama ni kwa miguu ya mtu mwingine.

"Kirudishe hicho kipande, mwanangu." Sauti yake sasa ilikuwa chini.

"Haiwezekani. Filamu imeshafungwa, inaondoka leo. Lakini kesho kwenye uzinduzi una kiti cha mbele kabisa, katikati."

"Viti vingapi?"

"Kiti... kimoja, mzee."

"Basi mkalishe huyo 'nili' wako."

Mezani, katikati ya vifaa vya kuigizia, ilikuwepo ndala aliyowaazima, ile ile yenye tundu kisiginoni. Akaichukua, akaipangusa vumbi kwa shati, akaibana kwapani.

"Haya, sisi tunaondoka."

Kofia akachungulia nyuma ya mzee, labda kuna mtu. Fundi akatoka, akafunga mlango.