Usiachie

Kila Jumatano asubuhi Daktari Zaitun aliketi mbele ya kompyuta katika chumba kidogo huko Mugumu, akawatibu wanafunzi wa Kewanja bila kuwagusa. Shule yao ilikuwa karibu na mgodi na mbali na hospitali. Kule, mikono yake ilikuwa Mwalimu Modesta: ndiye aliyepima joto, akamulika koo kwa tochi, akashika kishikwambi mbele ya mgonjwa.

Siku hiyo wa kwanza alikuwa Kisyeri wa kidato cha tatu, kijana mrefu mwenye pumu.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Kifua kinasemaje?"

"Vumbi tu, daktari, usiku ndiyo..."

Hakumaliza. Nje watu walikuwa wakipiga kelele na kukimbia. Tangu dhahabu ipande bei, vijana wa vitongoji viwili walikuwa wakipigania mawe yenye madini kwa mapanga, na juzi yake Ryoba, kaka yake Kisyeri, alikuwa amemkata mtu mkono.

Mlango ulivunjwa kwa teke. Kwenye kioo cha kompyuta Zaitun aliwaona wanaume watatu wakiingia.

"Ryoba yuko wapi?"

"Sijui! Hajalala nyumbani!"

"Huyu ni mdogo wake, mura. Damu ni ile ile," mmoja alimwambia mwenzake.

Modesta alijitupa katikati. Rungu lilimshukia mkononi, na Zaitun akasikia mfupa ukivunjika, maana kishikwambi kilikuwa kwenye mkono huo huo. Kabla hakijaanguka aliona panga likizama kwenye paja la Kisyeri. Kisha akabaki anatazama mabati ya paa, na sauti ya kijana ikilia kama ndama.

Zaitun alipiga yowe hadi muuguzi wa chumba cha jirani akaja mbio.

"Piga simu hospitali ya Nyamwaga! Gari la wagonjwa liende Kewanja, shuleni!" Akageukia yale mabati. "Modesta! Unanisikia? Kandamiza jeraha!"

"Siwezi," sauti ya Modesta ilijibu. "Mkono umevunjika. Damu inaruka, daktari, inaruka ukutani!"

"Walimu wenzako?"

"Wamekimbia wote na watoto." Kisha akaita kwa nguvu, si kwa Zaitun. "Werema! Nimekuona! Nilikufundisha mimi, miaka minne! Rudi, huyu mtoto anakufa!"

Halafu viatu, vikirudi polepole.

Modesta aliinua kishikwambi kwa mkono wa kushoto akakiegemeza ukutani. Mbele ya Kisyeri alipiga magoti kijana mwenye mabuti ya mpira, panga bado mkononi, limelowa.

"Nifanyeje?" Werema aliuliza, bila kutazama kioo.

Zaitun alitaka kumtukana. "Tupa hilo panga," alisema. "Vua shati, likunje, lijaze ndani ya jeraha. Ndani kabisa. Sasa kandamiza kwa ngumi zote mbili, uzito wako wote."

"Anapiga kelele."

"Mwache apige. Akinyamaza ndiyo uogope."

"Nifunge mkanda?"

"Jeraha liko juu mno, mkanda hautashika. Ni mikono yako tu. Usiachie mpaka gari lifike."

Damu ilipungua, ikaacha kuruka. Kisyeri alikuwa ameng'ang'ania sikio la Werema, analivuta kila maumivu yanapomzidi, na Werema alimwacha alivute.

Ndipo nje zikasikika sauti nyingine, nyingi zaidi. Wazazi walikuwa wamefika na mawe na mashoka. Werema aligeuza shingo kuelekea mlangoni, na kwa mara ya kwanza akamtazama Zaitun.

"Daktari. Nikiachia?"

Zaitun alijua anachoulizwa. Dirisha lilikuwa wazi nyuma ya Werema.

"Ukiachia, anakufa," alisema.

Werema hakuachia.

Walioingia waliona mtu mwenye damu hadi viwiko, amemlalia mtoto wao, na panga kando yake. Modesta alipaza sauti kwamba anamsaidia, akasukumwa ukutani. Zaitun alipiga kelele hadi sauti ikakauka: "Mwacheni! Anazuia damu! Mwacheni!" Hakuna aliyejua sauti inatoka wapi. Jiwe la kwanza lilimpata Werema mgongoni, la pili kisogoni. Aliinamia ngumi zake. Shoka lilipomshukia, mzee mmoja tayari alikuwa ameliona lile shati ndani ya jeraha na ameanza kusema ngojeni. Mzee huyo ndiye aliyeweka ngumi zake pale za Werema zilipotoka, Zaitun akimwelekeza kwa kunong'ona.

Gari lilimchukua Kisyeri akiwa hai. Werema alizikwa siku mbili baadaye, na kitongoji chao kikachoma nyumba sita za kitongoji kile kingine.

Shule ilipofunguliwa tena, Modesta alikuwa na plasta mkononi, na Kisyeri aliketi mbele ya kioo, magongo yake kando. Zaitun alimwambia akunje goti, akalikunja kidogo.

"Daktari, Mwalimu anasema Werema ndiye aliyenizuia damu."

"Ndiye."

"Na ndiye aliyenikata."

"Ndiye."

"Mlimwambia asikimbie?"

"Mimi ndiye niliyemwambia."

Kisyeri alilisugua paja lake kwa kiganja.

"Mama yake hupita pale kwetu kwenda kisimani," alisema. "Sijui nimsalimie vipi."

Zaitun alimwambia akunje goti tena.